Kuoga Mwenyewe

Mzee Mfaume alipasua na kuranda mbao Keko kwa miaka thelathini, na vumbi la mbao halikumwacha hata alipostaafu. Mapafu yalikuwa yamechoka. Nyumbani kwa bintiye Naima, kule Tabata, kutoka chumbani hadi sebuleni alisimama mara mbili kutafuta pumzi.

Siku ya kliniki Naima alikwenda na maswali ameyaandika kwenye simu. Kuna dawa mpya? Mashine ya oksijeni je? Dokta Kokushubila alimjibu moja baada ya jingine, kisha akageuza kiti kumwelekea mgonjwa.

"Mzee wangu, mapafu haya hatutayarudisha yalivyokuwa, nisikudanganye. Ila tunaweza kukupunguzia tabu. Wewe mwenyewe unataka nini?"

Naima alifungua mdomo amjibie. Dokta akamwonyesha kwa mkono asubiri.

Mzee aliizungusha kofia yake magotini.

"Nataka," akasema, akapumzika, "nataka nioge mwenyewe."

Naima alihisi uso unawaka. Mwaka mzima yeye ndiye aliyekuwa akimwogesha. Alimwogesha kwa mapenzi, akimsimulia habari za mtaani ili asione haya, na kila siku mzee alifumba macho tangu maji ya kwanza hadi taulo. Naima alidhani anakwepa sabuni.

"Mbona hukuniambia, baba?"

"Ungeniona sina shukrani, mwanangu."

Dokta hakucheka wala hakuandika dawa nyingine. Alimfundisha mzee kuvuta dawa ya pampu yake robo saa kabla ya kuoga, kukaa kwenye kigoda, na kutoa pumzi taratibu kwa midomo iliyobanwa, kama mtu anayepoza uji. Asijisugue kwa haraka. Akimaliza, ajifunike taulo kubwa, maji yakauke yenyewe.

Mara ya kwanza alishindwa. Aliita kwa sauti ndogo, Naima akaingia akitazama ukutani, akamtoa. Mara ya pili alifika nusu.

Ijumaa ya wiki ya tatu, asubuhi, alimwambia Naima, "Leo nenda ukae."

Naima hakukaa. Alisimama nje ya mlango wa bafu, akisikiliza kopo likikwangua ndoo. Maji yakamwagika. Kisha kimya. Kimya kikawa kirefu, mkono wake ukafika kwenye kitasa.

"Napumzika tu," sauti ikasema kutoka ndani. "Toka hapo mlangoni."

Akarudi nyuma hatua mbili, machozi yanamtoka, akiyafuta kwa ncha ya kanga.

Zilipita dakika arobaini. Mzee alitoka kajifunika taulo, anahema kwa nguvu, mkono mmoja ukutani. Alipomfikia bintiye alisimama, akangoja mpaka pumzi ikampa nafasi ya kusema.

"Maji yalikuwa ya baridi," akasema. "Kesho uyachemshe zaidi."

"Sawa, baba," Naima akajibu, akampisha apite.