Doa Lililojaa Polepole

Ini la Bulaimu lilikuwa na doa, na Bulaimu alikuwa amekwisha kujizika.

Doa hilo lilionekana kwa ekografi, picha ya tumbo ya kawaida, hapo Kasongo, duara kama limau. Muuguzi alimwambia asubiri daktari mgeni mwenye dawa ya kung'arisha picha. Lakini sikio la mwenye hofu huchagua: Bulaimu alisikia kaburi. Alirudi kijijini kwake Wamaza kwa pikipiki, akawaita wazee, akagawa mali yake mbele yao ili ndugu wasije wakashikana mashati matangani.

"Baba Ruphin, ngoja kwanza," mkewe Aicha alimwambia. "Mutu hagawi nyama na mbuzi ingali inakula majani."

"Unataka nife na maneno tumboni?"

Sasa alikuwa amerudi Kasongo, amelala chali, sindano mkononi, vidole vya miguu vikicheza vyenyewe. Daktari Mathilde, yule mgeni, alimkandamizia kifaa chini ya mbavu.

"Papa, tulia. Ukitikisika, picha inakimbia."

"Inasema nini?"

"Bado. Dawa ni mapovu madogo sana, yanafuata damu. Doa likiwaka mbio na kuzima mbio, tutakuwa na maneno mazito. Likijaa polepole toka pembeni, na lishike dawa, iko fundo la mishipa tu. Watu wanazeeka nalo."

Bulaimu aligeuza shingo. Kwenye kioo ini lilianza kung'aa, doa likabaki giza. Kisha cheche zikawaka ukingoni mwake, moja hapa, nyingine kule, kama shamba linalochomwa kuanzia kando. Maisha yake yote alikuwa mtu wa mbio: kupanda kabla ya mvua, kujibu kabla ya swali. Leo aliuomba moto utambae. Utambae tu, na usizime.

Ulitambaa. Ulifika katikati, ukakaa.

"Papa Bulaimu, hili haliui."

Aicha, aliyesimama mlangoni, alicheka mpaka machozi yakamtoka. "Marehemu, inuka twende!"

Karibu na Wamaza walikutana na mdogo wa Bulaimu, Hamadi, juu ya baiskeli iliyopakiwa madumu ya mafuta ya mawese. Aliposikia habari alimshukuru Mungu kwa sauti kubwa, lakini mikono yake haikuachia usukani. Bulaimu alifungua kinywa. Aicha alimtazama. Neno lililotolewa mbele ya wazee halina njia ya kurudi.

"Breki ya nyuma inalegea," Bulaimu alisema. "Angalia kwenye mteremko."

Hamadi akaenda zake, madumu yakigongana.

Bulaimu alihesabu vilivyokwisha kugawiwa: baiskeli moja. Mbuzi wanne, mmoja ana mimba. Shamba la mihogo la bondeni, mihogo ikiwa tayari kung'olewa. Kanzu yake ya sikukuu ya Idi, ambayo shemeji yake alikwisha kuipunguza mikono.

Jembe lilibaki. Hakuna aliyeliomba.