Kifuniko Kilichovimba

...na sasa bakuli limeshatoka mikononi mwa mkwewe, mume wa binti yake, limekwenda kwa mama wa kijana huyo, yule mshonaji wa mapazia, naye hachoti kwa haya kama mgeni, anachota kijiko kimejaa mpaka kinamwagika, maharage machanga na karoti zinang'aa kwa siki, "Mkwe mwenzangu, hii mboga nimeisubiri mwaka mzima, nyama yenu kuleni wenyewe," wote wanacheka, na yeye mwenye nyumba anacheka pia, meno tu, midomo imemkauka, anacheka na huku chini ya meza kidole gumba kinabonyeza goti kama kilivyobonyeza kile kifuniko cha chupa ya mboga asubuhi, tik, kikaingia ndani, tik, kikarudi juu, na kifuniko cha chupa iliyopikwa sawasawa hakirudi juu, kinakaa kimya kimenyonywa ndani, hilo analijua kama anavyolijua jina lake, lakini asubuhi alijiambia ni joto, kabati liko karibu mno na jiko, joto tu, na alipokifungua ikatoka pumzi, fsss, ndogo, kama mtu anayepumua usingizini, akanusa, harufu safi, siki na kitunguu saumu, akaonja kijiko kimoja, tamu, tena tamu kuliko mwaka jana, akamimina yote kwenye bakuli la sikukuu na chupa akaisukumiza chini kabisa ya pipa, chini ya maganda ya viazi... kama ilikuwa joto tu, aliificha ya nini? "Mama, mbona huchukui nyama?" binti yake anamuuliza, "Nakuja, nakuja, jipakulieni kwanza," sauti inatoka sawa, alhamdulillahi inatoka sawa, haijapita puani, maana sauti ya yule seremala ilianza kupita puani, jirani yao wa ukuta kwa ukuta yeye alipokuwa msichana, siku moja baada ya kula mboga ya chupa ya sikukuu alikuja mlangoni kwao ameshika nyundo, anamwambia baba, jirani, leo kila msumari naupigilia naona miwili, wakamcheka, wakamwambia aache kinywaji, na jioni kope zilikuwa zimemshuka hawezi kuzipandisha, maji hayapiti kooni, mikono imelegea kama kamba mbichi, lakini akili ilikuwa nzima, hilo ndilo lisilomtoka mpaka leo, alikuwa amelala anawatazama mmoja mmoja, anajua kila kitu, hawezi kusema neno, na kitanda alichokuwa anakiunda kikabaki bila miguu, na mama yake yeye, alipokuwa anafuta chupa zake wiki ile, alisema mara moja tu, sumu ya chupa, mwanangu, haina harufu, haina ladha, na haina haraka... haina haraka, kwa hiyo kile kijiko cha asubuhi hakijasema lolote bado, kiko ndani kinamngoja, na bila mtu kumwona anainua kijiko chake, anajitazama kwenye mgongo wake unaong'aa, uso umerefuka kama wa farasi, hii kope ya kushoto, imeshuka hii, au ndivyo ilivyo siku zote, nani hukumbuka kope zake zilivyo. Bakuli limefika kwa mwanawe wa kiume, dereva wa lori, amekalia kiti kwa nje nje kama anayetaka kuwasha gari aondoke, anachota, anasema, "Mwakani hii tunanunua dukani, Mama, wewe ukae tu upepewe," na mkwewe anadakia, "Dukani? Utakula karatasi ya chupa, shemeji, ndiyo yenye ladha," kicheko tena, halafu mwanawe, bila kumtazama, "Na lile sufuria lililoungua, uliishalitupa?" na kicheko kinapungua kidogo upande wa binti yake, basi wameshazungumza, ndugu hawa wawili, wameshakaa wakamzungumzia, kile chumba cha nyuma kwa dereva, kina dirisha kubwa, Mama, utakaa na wajukuu, utachoka bure peke yako na hili jumba, na sufuria moja, sufuria moja tu, alikwenda kuanua nguo mvua ilipoanza, nani hajaunguza sufuria, yeye aliyekuwa mpishi wa shule mpaka anastaafu, aliyelisha watoto wa watu bila tumbo hata moja kulalamika, leo anaulizwa habari za sufuria mbele ya wakwe, na sasa afungue mdomo aseme nini, kwamba siku ya kupika zile chupa gesi ilikata roho maji ndiyo kwanza yanachemka, muuza gesi hapokei simu, akaziacha zijimalizie ndani ya maji ya moto, akafunika, akasema yatosha, yeye, ambaye msaidizi wake angesema yatosha angemvua aproni papo hapo... akisema hayo, ndiyo basi, hata vyombo hawatamwachia afunge mwenyewe, watamshika mkono kama mtoto anayevushwa barabara. Bakuli liko kwa binti yake. Tumbo limegusa ukingo wa meza, amelikumbatia bakuli juu yake, "Huyu wa humu ndani anapenda siki, anapiga mateke nikiinusa," anachota, anaongeza, na wote wanamgeukia mama, mikono imetulia, kwa sababu katika nyumba hii hakuna anayeonja mpaka mwenye nyumba aseme karibuni, tangu baba yao yu hai, na wao bado wanalishika agizo hilo, mijitu mizima hii, inamngoja yeye. Mkono uteleze. Hapana, sahani zimeshajaa, bakuli likianguka litaanguka bure. Aseme basi chumvi imezidi, aseme ameona unywele, watasikitika, watacheka, atazikusanya sahani na kuzimwaga, nyumba itabaki nyumba yake na hakuna atakayejua, ndiyo, unywele, unywele hauna aibu kubwa, ulimi umeshajipanga kuusema unywele... na ile chupa iliyofungwa kwenye gazeti, ndani ya mkoba wa mshonaji pale mlangoni, si amempa mwenyewe alipoingia, akambusu mashavuni, na ile aliyoichukua dereva wiki iliyopita akasema ataila njiani, zote zilitoka sufuria moja, gesi moja, yatosha moja, unywele utazifuata mpaka huko? Anaona kope za mshonaji nyuma ya miwani, anaona lori limeegeshwa kando ya barabara, taa zinawaka, aliye ndani anatazama barabara mbili na hajui ipi ya kweli, na ghafla chumba cha nyuma cha mwanawe ni chumba tu, kina dirisha, mtu analala, anaamka, anafungua dirisha.

"Mama?" anasema dereva. "Tukaribishe basi, njaa inauma."

"Msiile hiyo mboga." Sauti imetoka ndogo, anairudia. "Msiile. Kifuniko kilikuwa kimevimba, na nilijua. Chupa zote zina wasiwasi, na yako kwenye lori, na iliyo kwenye mkoba wa mkwe, msifungue hata moja."

Mshonaji ameshika kijiko hewani. Mama anamngoja mwanawe aseme neno la sufuria, la chumba, analiona linakuja, dereva ameshafungua mdomo, ameshasukuma kiti nyuma, na kinachotoka ni kitu kingine.

"Ile ya kwangu sijaigusa. Wewe umeila?"

Hilo hakujiandaa nalo. Wakati wote huu amekuwa akizihesabu kope za watu, na hofu yake mwenyewe ameikalia kama anayekalia mto, "Kijiko kimoja," anasema, "asubuhi," na ndipo anapoinua vidole na kujipapasa kope, wazi, mbele ya wakwe, na haoni tena aibu, anaogopa, anaogopa kweli kweli na wanajua, binti yake bado amekumbatia bakuli, dereva anapapasa mfukoni kutafuta ufunguo wa gari, chakula kinafuka moshi, na mshonaji wa mapazia ameinama juu ya meza, amevua miwani, amemshika kidevu kwa vidole viwili vya baridi na kumgeuzia kwenye mwanga wa dirisha, anamwambia, "Nitazame, mkwe. Fungua macho vizuri. Nitazame mimi."