Kukopa Matanga, Kulipa Harusi

Waswahili husema kukopa harusi, kulipa matanga. Brightson wa Yombo aliigeuza. Yeye alikopa matangani, na siku ya kulipa ikamkuta harusini, tena harusi ya mtoto wa jirani, ameshika usukani wa gari lililofungwa utepe mweupe na maua ya plastiki, bibi harusi amekaa nyuma, na jasho linamtiririka mpaka kwenye soksi.

Ngojeni niseme ilivyoanza, msije mkadhani alikuwa mlevi au mpenda makuu. Brightson alikuwa karani wa mizigo, mtu wa Tukuyu, mtaratibu, hata soda alikuwa hakopagi dukani. Baba yake alikuja Dar kutibiwa, akafia hapa hapa. Sasa mzee wa Kinyakyusa anazikwaje mjini kama mtu asiye na kwao? Mwili lazima urudi. Majirani walichanga, Mungu awazidishie. Nikodemu wa nyumba ya pili, mtu wa Masasi, alitoa laki mbili mkononi na akakesha pale uani siku zote tatu. Lakini jeneza, gari la mwili, basi la wafiwa, chakula cha njiani na cha kule, weee! Michango ikaisha msafara haujatoka mjini. Brightson akaona haya kupitisha daftari la michango mara ya pili. Akachukua kadi ya gari, ile Harrier yake ya rangi ya fedha aliyojinyima miaka sita kuinunua, akaenda kwenye ofisi moja ya mikopo iliyokuwa juu ya duka la simu. Baada ya saa mbili alitoka na milioni nne.

Hakuulizwa mdhamini, hakuulizwa mke. Walibaki na kadi, wakampa karatasi kumi na moja atie sahihi, akatia bila kusoma hata moja. Kijana wao mmoja akajipenyeza chini ya dashibodi, akafunga kidude cheusi kidogo kama kiberiti.

"Cha nini hicho?" Brightson aliuliza.

"Traka, mzee. Tunaona gari liko wapi. Na ukichelewa marejesho, tunalizima sie tukiwa hapa hapa ofisini."

Kijana akacheka, na Brightson naye akacheka. Alikuwa na maiti ya baba yake inamngoja, angefanya nini?

Riba ilikuwa asilimia ishirini. Alidhani ni kwa mwaka, kumbe kwa mwezi. Miezi mitatu alipeleka laki nane nane, na alipouliza deni limebaki kiasi gani akaambiwa milioni nne. Zile zote zilikuwa riba, deni lenyewe halijaguswa. Mwezi wa nne na wa tano hakupata kitu cha kupeleka. Muda wote huo mkewe, Sekela, aliamini fedha za mazishi zilitoka kazini kwa mumewe, na kila Jumapili alikuwa anawashukuru mabosi wake kwenye maombi. Brightson alikuwa anasema amina huku anatazama chini.

Alhamisi akapigiwa simu na Fredrick, ofisa mikopo. Alikuwa amemweka kwenye simu kwa jina la Fundi Tairi, ili Sekela asiulize.

"Shikamoo mzee," Fredrick alisema. Alikuwaga na sauti ya upole, na upole ule ndio uliokuwa unamtisha Brightson. "Nakujulisha tu. Jumamosi saa sita kamili mchana gari linazimwa, popote lilipo. Likishazimwa vijana watalifuata. Mie siwezi tena kukusaidia."

Jumamosi! Jumamosi hiyo hiyo Noela, binti wa Nikodemu, alikuwa anaolewa, na Harrier ya Brightson ndiyo ilikuwa imeahidiwa kumbeba. Mngesema angekataa. Thubutu! Mtaani kwetu mtu aliyekukeshea msiba akikuomba gari la harusi, humwambii halina mafuta. Ukimnyima, siku yako ya msiba utabeba jeneza wewe na wanao. Na angetoa sababu gani, iwapo gari liko pale uani linang'aa? Kusema kweli aliona bora afe. Kwa hiyo akajipigia hesabu ya mjini: ibada ni saa tano, kanisa liko ng'ambo ya reli, mwendo wa robo saa. Atamfikisha Noela mapema, ataegesha nyuma ya kanisa, na saa sita wakilizima atasema betri imekufa. Vijana wa Fredrick wakija kulivuta, atasema ni mafundi.

Hesabu hiyo haikuwa na mashangazi ndani yake. Wajumbe wa bwana harusi walipokuja kumchukua mwali, mashangazi wa Noela waliufunga mlango wa chumba wakakaa nyuma yake. Mlango haufunguki bila chochote! Wakapewa kanga, wakasema nyepesi. Wakapewa bahasha, wakasema haina uzito. Watu uani wanacheka, wanapiga vigelegele, na Brightson amesimama kando ya gari anatazama saa kila baada ya nusu dakika.

"Baba Tupo, mbona umekuwa kama wewe ndiye unayeolewa?" Nikodemu alimtania Brightson akampiga bega. "Tulia, ndugu yangu. Leo siku ya furaha."

Walitoka saa tano na nusu. Noela akakaa nyuma na shela lake limejaa kiti chote, na pembeni yake Sekela, kwa kuwa ndiye aliyekuwa msimamizi wa bibi harusi. Mbele yao ilitangulia pikapu ya matarumbeta, Mwinshehe na wenzake sita wanapuliza mashavu yamevimba, na wanawake wanacheza barabarani mbele ya pikapu. Nyuma yalifuata magari mengine tisa yanapiga honi. Ndiyo utaratibu, harusi lazima mtaa mzima uijue. Kwa Brightson kila tarumbeta lilikuwa linamwita mtu wa mkopo, njoo, gari hili hapa. Kila pikipiki iliyowapita aligeuka kuitazama, akidhani ni wale vijana wa Fredrick.

Saa ya kwenye dashibodi ilisoma saa tano na dakika arobaini na nane. Msafara ulikuwa unakwenda mwendo wa mtu anayetoka kula.

Simu iliyokuwa kando ya gia ikaita. Sekela akachungulia katikati ya viti.

"Fundi Tairi. Mbona huyu anakupigia Jumamosi ya harusi za watu?"

"Achana naye, Mama Tupo. Usipokee."

"Si nimwambie uko kwenye shughuli?"

"Nimesema usipokee!"

Alipiga kelele ambayo hakuwa ameikusudia. Sekela akaichukua simu taratibu, akabaki nayo mkononi, na kwenye kioo Brightson akaona mkewe anamtazama kisogo. Miaka kumi na minne ya ndoa, alijua mtazamo huo.

Wakafika kwenye reli saa tano na dakika hamsini na sita. Pale hapana kizuizi, kuna bango tu na tuta. Pikapu ikavuka. Brightson akaifuata karibu karibu, maana akili yake ilikuwa moja tu: kanisa lile pale, naliona paa. Magurudumu ya mbele yakavuka reli, na pikapu ikasimama. Mwinshehe alikuwa ameona uwanja wa watu pale ng'ambo, wauza mihogo, waosha pikipiki, akaona hapa pa kuonyesha ufundi. Wanawake wakaziba njia, wakaanza kuzunguka na kukata viuno. Brightson akatazama nyuma arudi, gari la Nikodemu limemganda. Viti vya nyuma, na Noela na Sekela waliokuwa juu yake, vilikuwa katikati ya reli.

Akapiga honi. Akaipiga ndefu, akaipiga fupi fupi, akailalia kabisa. Na hapo ndipo hofu ilipomshika barabara, kwa sababu magari yote tisa yalimwitikia! Honi ya harusi hujibiwa kwa honi. Mwinshehe akamnyooshea kidole gumba, akapuliza kwa nguvu zaidi. Kadiri Brightson alivyozidi kuomba njia, ndivyo watu walivyozidi kufurahi.

"Anko leo ana mzuka," Noela alisema, akacheka.

Saa ikageuka. Saa sita kamili. Kiyoyozi kikanyamaza, injini ikakata pumzi. Watu wa mkopo hawana hata dakika moja ya hisani.

Brightson akatia gia kwenye P, akazungusha ufunguo. Kimya. Tena. Kimya. Na hapo, jamani, juu ya reli, bado mdomo wake ulisema, "Betri tu hiyo."

Kijana mmoja kwenye kundi akafika mbio. "Fungua boneti, braza, tuishtue!" Brightson akafungua boneti. Ndiyo, akafungua, kwa kuona haya tu. Vijana watatu wakainamia betri, mmoja akakimbia kutafuta nyaya.

Honi nyingine ikalia, nzito, kutoka kushoto. Magari ya harusi yakaijibu kwa shangwe.

Sekela akageuza shingo. "Baba Tupo. Ile siyo honi ya gari."

Brightson alitazama. Kule kwenye kona ya migomba ilikuwa imejitokeza taa moja ya treni ya mizigo. Alijua kitu ambacho hakuna mwingine aliyekijua pale: gari lile haliwaki, leo wala kesho, hata waliletee betri kumi. Kila sekunde vijana wanayoinamia ile betri, yeye ndiye anayewaibia. Na kuwaondoa lazima aseme.

"Haliwaki!" akapasua sauti. "Wamelizima! Nimeliweka rehani, watu wa mkopo wamelizima! Mama Tupo mtoe mtoto! Tokeni! Treni!"

Alitoka, ufunguo akauchomoa kwa mazoea, akavuta mlango wa nyuma. Shela la Noela lilikuwa limenasa chini ya kiti. Sekela alilishika kwa nguvu akalichana kutoka kiunoni mpaka chini, na wote watatu wakaangukia kwenye kokoto. Margareta, mama wa Noela, alikuwa anakuja anapiga mayowe bila viatu. Pikapu ikaruka mbele. Nikodemu akarudisha gari lake kwa fujo mpaka likagonga la nyuma yake, akatoka akawafukuza vijana kwenye boneti kwa makofi. Wengine wakajaribu kusukuma Harrier, haikutikisika. Gia ilikuwa kwenye P, magurudumu yamefungwa, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwa Brightson.

Alipoukumbuka alikimbia kurudi. Alikuwa ameshika mlango Nikodemu alipomdaka kwa nyuma, akamkumbatia kiunoni, akamvuta kama gunia.

"Niache! Gari langu!"

"Bati hilo! Baba Tupo, bati hilo!"

Treni ilikuwa inafunga breki, chuma kinalia kwenye chuma mpaka watu wakaziba masikio. Ikalipiga gari ubavuni, ikalisukuma mita kama hamsini, utepe mweupe unapepea, kisha ikasimama. Hakuna aliyeumia zaidi ya michubuko. Mwanamke mmoja akaanza kulia, akafuatiwa na wengine, mpaka ungedhani ni matangani.

Noela akapanda pikapu ya Mwinshehe, shela limefungwa fundo, akapelekwa kuolewa. Hakuna aliyepuliza tarumbeta. Nikodemu alibaki kidogo. Alikuwa anahema, shati lake la harusi limechafuka grisi.

"Rehani ya nini?" aliuliza.

"Ya baba. Kumpeleka nyumbani."

Nikodemu akaligeukia lile bati. "Ungesema," alisema. "Si ungesema tu, tungechanga. Mwanangu alikuwa ndani ya lile gari." Akageuka akaenda kumfuata mwanawe.

Brightson akabaki amekaa kwenye kokoto. Sekela alikuwa amesimama mbele yake, kiwiko kinatoka damu, na mkononi bado ameshika ile simu. Ikaita. Fundi Tairi. Sekela akaitazama, akapokea, akaiweka sauti ya nje.

"Shikamoo mzee," sauti ya upole ilisema. "Nilikupigia kukukumbusha, hukupokea. Ndiyo hivyo, tumelizima. Tunaliona liko hapo relini Yombo. Vijana wako njiani. Ila mzee, gari likikutwa na kasoro, ile tofauti itabaki kuwa deni lako. Imo kwenye mkataba, ukurasa wa tisa."

Sekela aliangalia bati lililojikunja chini ya treni. Alimwangalia mumewe.

"Mabosi zako wa kazini," alisema polepole. "Miezi mitano nawaombea."

Akamtupia simu mapajani.

"Shika. Ongea na fundi wako."