Gari Jepesi

Mume wangu Asadi ana ugonjwa, na ugonjwa wenyewe ni mafuta. Si ya kula. Ya gari.

Ulimwanzia kwenye simu. Kuna jamaa mmoja anafundisha kwa video namna ya kubana mafuta: jaza upepo matairi, safisha chujio la hewa, kanyaga polepole, toa kwenye buti vitu vizito usivyovihitaji. Sikatai, ni maneno ya maana, na kigari chetu cha Vitz kilianza kweli kwenda mbali zaidi kwa mafuta yale yale. Lakini Asadi hajui kuishia njiani. Alitoa tairi la akiba. Akatoa jeki. Akatoa mazulia. Siku moja nikamkuta anautoa mwavuli wangu, mwavuli wa kukunja jamani, ananiambia, "Rehana, kila kilo inakunywa." Kuendesha ndiyo alinikataza kabisa, ingawa leseni ninayo na gari tulinunua wote wawili. Anasema mguu wangu mzito.

Na huyo huyo, jioni, huwapakia rafiki zake wanne wenye vitambi wakaenda ufukweni Shangani kupunga upepo. Gari limesimama, injini inaunguruma, kiyoyozi kinapuliza, wao wanasikiliza mpira redioni. Nyani haoni kundule. Nilikuwa nikiona na nikimeza. Nilimeza mpaka siku tuliyokwenda kumchukua mama.

Mama yangu, Bi Asia, anaishi Kitaya, kule mtoni. Macho yake yameingia mtoto wa jicho, anaona mwanga na vivuli tu. Wiki ile walikuja madaktari wa macho mjini kwetu Mtwara, na siku yao ya mwisho ilikuwa kesho yake. Mama aliogopa kisu tangu mwaka jana. Nilimbembeleza kwenye simu mpaka nikakauka mate, hatimaye akasema haya, njooni mnichukue. Nilijua akipata sababu moja ndogo ya kubaki, atabaki, na sitampata tena.

Tulipofika alikuwa ameshakaa barazani, kanga mpya, ushungi umefungwa vizuri. Pembeni yake gunia la mchele na kuku wawili waliofungwa miguu. Ni mchele wa shamba lake mwenyewe, aliouvuna kwa kupapasa, suke moja moja, kwa sababu mtu haendi kukaa kwa mkwe wake mikono mitupu. Kaka yangu Suleimani akalibeba gunia, akaliweka kwenye kiti cha nyuma. Gari likashuka kidogo.

Asadi alikuwa analizunguka huku ameinama, anatazama matairi. Akafungua mlango, akalivuta lile gunia, akalibwaga chini mbele ya majirani. Vumbi likaruka mpaka kwenye kanga ya mama.

"Hapana, shemeji," akamwambia Suleimani. "Hii njia ina mchanga, na mafuta nimepima ya kwenda na kurudi tu. Watu watatu na gunia hatufiki. Tuchague. Ama mama, ama gunia."

Alisema hivyo kana kwamba mama hayupo. Watu hudhani asiyeona hasikii.

Mama akasimama, akapapasa ukuta. "Basi gunia liende," akasema kwa upole, "nyie nkale. Mimi nabaki." Akaingia ndani.

Ningekuwa na mchi karibu, Wallahi, ningemtwanga nao. Mama yule alinibeba mgongoni nikiwa na homa, kwa miguu, kutoka Kitaya mpaka nikapata dawa, wala hakuuliza nina kilo ngapi. Leo anapimwa kama korosho, tena nyumbani kwake, na mtu aliyekula ugali wake miaka yote hii na kuongezwa mboga.

Nikamfuata chumbani. Alikuwa amekaa kitandani, ushungi ameshauvua.

"Mwache mumeo na gari lake," akasema. "Mkono ntupu haulambwi, mwanangu. Siwezi kwenda kwa watu hivi hivi, tena nikiwa nzigo."

"Vaa ushungi wako, mama. Nafasi itapatikana."

"Wapi?"

"Wewe vaa."

Nikatoka nje. Asadi alikuwa amejiegemeza kwenye gari, anajipepea na kofia.

"Asadi, una kilo ngapi?"

"Nini?"

"Kilo. Mwezi uliopita ulipimwa zahanati ukarudi umenuna."

Jirani mmoja akacheka puani.

"Tisini na tatu," nikajibu mwenyewe. "Gunia lina hamsini. Mama naye, hata umpakatishe kuku wote wawili, hafiki hamsini. Sasa nitajie, wewe fundi wa mafuta, ni kitu gani kizito kuliko vyote kwenye gari hili?"

"Rehana, usinivunjie heshima mbele za watu."

"Heshima umeibwaga chini pamoja na gunia. Iokote."

"Na nani ataendesha? Mguu wako—"

"Mguu wangu mzito, lakini kitambi sina. Basi la asubuhi lipo. Suleimani atakupa pa kulala."

Alidhani natania. Ufunguo ulikuwa umening'inia pale pale kwenye swichi, maana Asadi akiwa nami huzima gari hata akitaka kupiga chafya, wala ufunguo hauchomoi. Nikakaa kwenye usukani. Suleimani alilirudisha gunia kwenye kiti cha nyuma, akalifunga mkanda lisianguke, akaweka kuku sakafuni, kisha akaenda ndani na kumtoa mama kwa mkono. Mama akapita mbele ya Asadi bila kujua kwamba amempita, akakaa kiti cha mbele. Asadi alikuwa mdomo wazi, kofia mkononi. Nikawasha gari.

Niliendesha vile vile anavyofundisha yule jamaa wa kwenye simu, kwa sababu mafuta yalikuwa kidogo kweli na mimi si mjinga. Sikukanyaga kwa pupa, sikufunga breki kwa ghafla. Tairi la akiba lilikuwa chini ya kitanda chetu mjini, kwa hiyo kila jiwe nililikwepa huku nikimtukana Asadi kimoyomoyo.

Tulipokaribia kijiji cha Ziwani mama akageuza shingo kidogo kuelekea nyuma.

"Nkwe wangu," akasema, "mbona kimya hivyo? Utuwie radhi, baba. Tumekutwisha nzigo."

Nikatazama kwenye kioo. Gunia lilikuwa limekaa wima na mkanda wake. Hasira iliyokuwa imeanza kupoa ikanirudia yote, na machozi juu yake. Mtu nimemwacha Kitaya, na bado mama yangu anamwomba radhi.

"Mama, usimwombe radhi mtu. Hapo nyuma ni mchele wako."

"Na yeye?"

"Kabaki kwa Suleimani. Alikuwa anazidisha uzito."

Nilijua atanigombeza, maana mama yangu ni mtu wa kulinda ndoa za watu. Badala yake akapapasa mpaka akalipata goti langu, akaweka mkono wake pale, mkono mwepesi wenye sugu za mavuno.

"Basi endesha polepole," akasema. "Usije ukamaliza mafuta ya watu."

"Ni yetu, mama," nikasema, na nikakanyaga.