Tonge la Koko Nsimire

Ariane aliniapisha Ijumaa mchana, tukiwa jikoni, yeye akiwa na kisu cha vitunguu mkononi.

"Maman, kesho siko nataka kusikia ata neno moja ya microbe. Ata moja. Uape."

"Mwanangu, mimi ni infirmière..."

"Uape!"

Nikaapa. Ningefanyaje? Nimefanya kazi ya uuguzi, afya na usafi miaka thelathini na mmoja katika kituo kimoja huko Kadutu. Nimepita nyumba kwa nyumba wakati wa kipindupindu, wakati wa Ebola, wakati wa korona, na mpaka leo watu wazima wakiniona wanaficha mikono nyuma. Lakini mbele ya binti yangu mimi ni mshtakiwa, na kosa langu linaitwa Chris. Chris alikuwa mchumba wake wa kwanza, kijana mzuri, msomi, aliyekuja kula kwetu mara moja tu. Nilimrudisha kwenye robine kunawa mara tatu. Alipotoka mara ya tatu kucha zake zilikuwa zinang'aa. Akala kimya, akaaga kwa adabu, na hatukumwona tena. Ariane anasema mimi ndiye niliyemfukuza. Mimi nasema mwanamume anayekimbia sabuni atakimbia na mengine. Lakini Ariane alilia wiki mbili, mtoto wa watu, na mimi sikupenda kumsikia akilia.

Mchumba wa sasa ni Guylain, na Guylain nampenda. Ananawa bila kuambiwa. Shida ilikuwa baba yake, Papa Stanislas, mtu wa Luhwindja, mtu wa biashara ya dhahabu, ambaye siku moja aliona kwenye televisheni matajiri wakila na kucheza ndani ya meli kubwa baharini. Akaamua kwamba familia zetu mbili zitakutana vivyo hivyo: meli ya kukodi yenye orofa mbili, itoke bandarini Bukavu, izunguke upande wa Idjwi na kurudi, muziki juu, bufe chini. Watu mia moja na ishirini, sufuria kumi na nne, na ziwa pande zote. Kwenye nchi kavu, mtu akiona bufe ya mashaka anasingizia kichwa kinamuuma, anapanda pikipiki, anakwenda zake. Ndani ya meli utasingizia nini, na utapanda nini?

Jumamosi asubuhi nilipanda nimevaa kikwembe kipya, nimebeba mkoba mkubwa. Ndani ya mkoba mlikuwa na kipande kizima cha sabuni, chupa mbili za maji niliyoyachemsha mwenyewe, kijiko changu, na vitambaa sita. Kiapo kilihusu maneno. Mkoba haukuapishwa.

Kwanza salamu. Kwetu huwezi kuingia mahali ukawapungia watu wote mkono kama unayefukuza nzi; kila mtu umpe mkono wake, na umpe kweli. Kabla sijakaa nilikuwa nimehesabu mikono sitini na minne. Mikono mikavu, mikono ya jasho, na mmoja ulionata kwa kitu ambacho nilimwomba Mungu kiwe asali. Wote niliwachekea. Ariane alinifuata nyuma, akinichunga kama polisi wa barabarani.

Kisha chakula kikapangwa mezani, na sitasema uongo, kilipendeza: visamaki vya sambaza vya kukaanga, mbuzi, kuku, sombe la majani ya muhogo lililopikwa kwa mawese, ndizi, wali, bugali wa moto. Lakini kazi yangu imeniharibu macho. Wenzangu wakiona chakula, mimi naona kilikopita. Saladi ya mayonezi ilikuwa imepanda meli saa mbili asubuhi, na sasa ilikuwa saa saba, na muda wote huo ilikaa juani. Kijiko cha kupakulia sombe kilikuwa kimoja, na mpini wake ungeshikwa na kila mtu aliyekuwa humo. Na mwanzoni mwa meza, pale pa kunawia, waliweka beseni. Beseni moja! Maji yametulia humo, kipande cha limau kinaelea kwa maringo. Wa kwanza ananawa. Wa kumi anachovya. Wa thelathini anakoroga supu.

Bwana mmoja mnene wa protokoli, aliyeshika kipaza sauti, akaita meza yetu kwanza. Nilishukuru, maana anayetangulia anakuta vijiko visafi na chakula cha moto. Nilishika kila mpini kwa kitambaa, nikijifanya nimeumia kidole. Nilichukua kinachotoa moshi tu: ndizi, sambaza, kuku wa chini kabisa ya sufuria. Saladi nikaipita.

"Maman, umesahau salade," akasema Guylain kwa upole.

"Tumbo yangu haisikilizanake na mayonnaise," nikamjibu, na huo si uongo.

Nilirudi mezani, nikachomoa kijiko changu mkobani. Ariane akakiona, akafumba macho kidogo, akaamua kunisamehe. Nikajua nimeshinda.

Ndipo nikaitwa kwa Koko Nsimire.

Koko ni mama yake Papa Stanislas, nyanya wa Guylain, miaka themanini na kitu, mwili mdogo, sauti ya sajenti. Tangu asubuhi sikuweza kumwondolea macho. Alikuwa ameisalimia meli nzima. Alikuwa amemfuta kamasi mtoto mmoja kwa kidole gumba. Alikuwa amenusa tumbaku. Alikuwa amempakata kuku hai aliyeletwa zawadi, akimbonyeza kifua kuona kama amenona. Halafu akaenda kwenye beseni akiwa mtu wa hamsini hivi, akachovya ncha za vidole, na kuzifutia kwenye kikwembe kile kile alichokalia kuku.

Guylain alikuwa ametueleza mapema desturi ya nyumba yao. Kabla ya wengine kula, mwanamke mkubwa kuliko wote anafinyanga tonge kwa mkono wake na kumlisha mama wa binti. Ukifungua kinywa, umewapa mtoto. Ukigeuza uso, umemrudisha mtoto kwako, mambo yameisha, na hakuna atakayeuliza sababu. Nilipoelezwa nilitikisa kichwa tu na kusema desturi nzuri. Nilikuwa sijamjua Koko, wala habari za kuku.

Muziki ukazimwa. Koko akamega bugali, akaufinyanga polepole, akauzamisha kwenye sombe, akaukandamiza kwa kidole gumba. Kidole kile kile cha kamasi. Akauinua.

"Fungula, mukwe wangu."

Nilijaribu, wallahi ya Mungu nilijaribu. Nilimfikiria Ariane, nikafungua kinywa. Tonge lilipokaribia midomo, uso wangu uligeuka wenyewe.

Papa Stanislas akasimama. Ariane alikuwa ubavuni mwangu, na hakukasirika, na hilo ndilo lililoniumiza. Alikuwa na uso wa mtu aliyelijua hili tangu jana.

"Maman," akasema kwa sauti ndogo, "uliapa."

Nilipiga magoti mbele ya kiti cha Koko, nikamsogelea sikioni. Nilinong'ona, na walioweza kusikia ni yeye na binti yangu tu.

"Koko, haiko juu ya mukono yako. Nilikuwaka na mutoto mwingine, Josué. Alikuwa na miaka tatu. Tulienda ku kilio ku Mumosho. Nilitoka kuuguza mugonjwa, nikakuta bantu wanakula, mutoto analia njala. Sikunawa. Nikakata bugali, nikamulisha. Siku mbili tu, kolera ikamubeba. Mimi, infirmière. Mukono ilikuwa yangu."

Sikuwahi kumwambia mtu. Ariane wakati ule alikuwa na miaka mitano, na tulimwambia ni malaria. Kila mwaka tunaomba misa kwa ajili ya Josué aliyekufa kwa malaria. Nilimsikia nyuma yangu akivuta pumzi bila kuitoa.

Koko aliliweka tonge kwenye sahani.

"Mimi nilizalaka kenda," akasema. "Banne njo balibakia. Hakuna mwenye aliniambiaka ni juu ya nini." Kisha akanyoosha mikono yake miwili. "Uninawishe. Uninawishe vile weye unajua."

Vile ninavyojua! Nilifungua mkoba, Ariane akanyakua chupa na kumimina. Nikampaka Koko sabuni viganjani, nyuma ya viganja, katikati ya vidole, chini ya kucha, na kile kidole gumba nilikishughulikia peke yake. Muda wa kunawa ninaowafundisha watu ni wa Baba Yetu moja nzima, isiyoharakishwa, na kwa mazoea nikaanza kuisali kwa sauti. Koko akaipokea. Wakatoliki nao ni Wakatoliki. Waliposikia "jina lako litukuzwe", meli yote ikasimama, kofia zikavuliwa, na tukafika Amina watu mia moja na ishirini.

Yule bwana wa protokoli hakuwa amesikia nilichonong'ona. Aliona tu kwamba mama amegeuza uso, amepiga magoti, amemnawisha bibi, na sala imesaliwa. Akarukia kipaza sauti.

"Mesdames et messieurs, mumeona! Bakwe ya Bukavu nabo bako na desturi yabo! Mbele ya kulishwa, maman ananawishaka belle-famille yote, bakwe bote! Tujipange mu rang!"

Nilifungua mdomo nimsahihishe. Nikaufunga. Nimsahihishe kwa faida gani? Miaka thelathini na mmoja nimewabembeleza watu wanawe, nimewachorea mabango, nimewaimbia nyimbo, leo wanajipanga wenyewe na kuvua saa! Papa Stanislas ndiye aliyetangulia, mikono ya shati imekunjwa, macho yamelowa, akiwa na pete tatu. Nikamvua zote tatu. Chupa zangu ziliishia kwa mtu wa tano, mpishi akaleta majagi ya maji ya chai yaliyochemka na kupoa. Niliamuru sufuria zirudi motoni, kila sufuria ipate kijiko chake, na saladi ipelekwe mahali nisipoiona. Beseni la limau nililimwaga ziwani, samaki wanisamehe. Wengine walipanga mstari mara ya pili kwa kutafuta baraka. Mzee mmoja akavua na viatu, ikabidi nimwambie kuoshwa miguu ni kwa misa ya Alhamisi Kuu.

Wa mwisho alikuwa Ariane. Alikuwa amemimina maji tangu mwanzo. Sasa alimpa Guylain jagi na kuninyooshea mikono.

"Juu ya nini haukuniambia?"

"Niliogopa. Nilisema utaogopa kula ku mukono yangu."

"Maman, tangu Josué alikufa ulinilishaka na kijiko tu," akasema. "Mimi nilifikiriaka ni mimi njo niko muchafu."

Nilimpaka sabuni mtoto wangu, nikasali Baba Yetu nzima, halafu nikasali nyingine, na machozi yakanitoka hapo hapo mbele ya wakwe.

"Bakwe!" Koko akapaza sauti kutoka kwenye kiti chake. "Njala itaniua mbele ya ndoa!"

Bugali mpya wa moto ukaletwa. Koko akafinyanga tonge jingine, akaliinua kwa vidole vilivyonukia sabuni, nami nikafungua kinywa. Lilikuwa na ladha ya sombe na, kwa kweli, ya sabuni kidogo. Nikameza. Vigelegele vikalipuka, muziki ukawashwa, na Papa Stanislas akamkumbatia kila aliyekuwa karibu. Nilikuwa nimempa mtoto.

Koko hakupiga kelele. Alisukuma sahani mpaka mbele yangu.

"Sasa weye. Unilishe."

"Mimi?"

"Weye. Na ule mukono."

Hiyo haikuwa desturi ya mtu yeyote, wa Luhwindja wala wa Bukavu. Niliutazama mkono wangu. Ulikuwa safi, sijawahi kuuona safi vile. Miaka ishirini na miwili ulikuwa haujamlisha mtu. Nikamega bugali, nikafinyanga, nikachovya kwenye sombe. Koko akafumba macho na kufungua kinywa, meno yake manne yote nje. Nikamwekea. Alitafuna bila haraka, akameza, akatulia kidogo kama mtu anayesikiliza tumbo lake.

"Chumvi haitoshe," akasema. "Ongeza ingine."

Nilipokuwa namega la pili, Ariane alikuja akapiga magoti kando ya kiti, na gauni lake jeupe, akainua uso na kufungua kinywa. Koko akamwambia asubiri zamu yake.

Nilimlisha mwanangu kwanza.