Mawe Aliyoyapaka Tummas

Kule kisiwani Skarvoy usiku huondoka mwezi wa Mei na kurudi Agosti, kama baharia. Miezi ya katikati watu hulala wameziba madirisha kwa mablanketi, na jogoo hajui awike lini. Giza likisharudi, ndege wa dhoruba nao hutoka baharini kuja kulisha makinda yao yaliyofichwa katikati ya mawe, na wenye kuwapenda hutoa tochi zao nyekundu makabatini.

Rakul hakuwa ameitoa yake tangu mwaka jana.

Mwaka jana ndipo mumewe Tummas alipopanda mlimani kuwaona ndege hao na asirudi. Walimtafuta kwa mashua siku nyingi, bahari ikawarudishia kofia tu. Rakul alisema alianguka. Watu wa kisiwa hawakubisha mbele yake, ila wao hawakutumia neno hilo. Walisema "alikwenda," kisha wakatazama viatu vyao.

Sababu yao ilikuwa mawe. Kiangazi kile mvua ilikula ardhi chini ya njia ya zamani, ikabaki ngozi ya nyasi imening'inia juu ya genge la bahari. Tummas mwenyewe ndiye aliyeligundua jambo hilo. Akachepusha njia kuelekea mlimani, akaipangia mawe aliyoyapaka rangi nyeupe, na pale njia ya zamani ilipoendelea mbele kwenda kwenye hatari akapanga mawe mengine akayapaka nyekundu. Kazi ilimalizika mchana. Usiku uleule akapotea. Asubuhi watu walipofika, mawe mekundu yalikuwa yakiwaka kwenye nyasi kama makaa, mtoto mdogo angeyaona, na alama ya kiatu cha Tummas ilikuwa imeyapita.

"Mawe si yalikuwa mekundu?" alisema Elspa, mama wa dukani, huku akifunga samaki kwenye karatasi. "Na si kayapaka mwenyewe? Basi."

Neno hilo moja, "basi," lilimkaa Rakul kooni mwaka mzima. Maana kulikuwa na jambo ambalo Elspa hakulijua. Rangi ile nyekundu ilikuwa ya paa la nyumba yao. Tummas alipaka nusu ya paa, akachukua kopo akaenda nalo kwenye mawe. Jioni Rakul alimpokea mlangoni na maneno: "Rangi ya paa langu unawapakia njia wageni wako wa kutazama ndege? Nenda basi ukalale hukohuko kwa ndege, na usirudi!"

Tummas akavaa kofia. Akaenda.

Sasa mizigo ya Rakul ilikuwa mlangoni. Kesho mashua ingempeleka mjini Havn kwa binti yake, akaishi kwenye ghorofa ambalo paa lake ni la watu wengine. Usiku huu wa mwisho alitaka kupanda mara moja akawasikilize ndege, na kama kulikuwa na kitu cha kumwambia Tummas, akiseme. Kama Tummas alijitupa kwa sababu ya neno lake, alitaka kulijua hilo kabla hajaondoka, ingawa hakujua nani angemwambia.

Hanus, mdogo wake Tummas, alikataa aende peke yake.

"Shemeji, kofia hiyo umeiazima kwa kondoo?" alisema njiani.

"Na goti hilo wewe umeliazima mlango gani? Linalia tangu kanisani."

"Linaimba. Ni goti la dini."

Walivuka ukuta wa mwisho wa malisho, na hapo wote wawili, bila kuambiana, wakazima mwanga mweupe na kuwasha mwekundu. Ilikuwa sheria ya Tummas, na hakuwa na nyingine: ukipita ukuta wa mwisho, nyeupe umeiacha nyumbani. Ndege wa dhoruba akipigwa na mwanga mweupe hupumbaa, hugonga mawe, na shakwe mkubwa mwindaji humchukua pale alipoangukia. Nyekundu haimsumbui. Na jicho la mtu nalo, likilishwa nyekundu tu, halilisahau giza.

Kwenye zizi la mawe Hanus aliketi, akanyoosha mguu. Hakuwa na nguvu ya kuendelea. Ukungu ulikuwa ukipanda kutoka baharini taratibu, na ndani ya kuta za zizi sauti zilikwishaanza: makinda na mama zao wakikoroma ndani ya mawe, mlio mrefu kama gurudumu la kusokotea sufu, kisha kwikwi, kisha gurudumu tena. Ukiweka kiganja ukutani unausikia ukuta ukitetemeka. Harufu yao ilikuwa imejaa, ile ya mafuta na nguo za marehemu zilizokaa sandukuni.

Rakul alimpa Hanus mkate. Hanus akaufungua chini ya taa yake.

"Mwaka mzima hujanipa mkate, na leo unanipa wa masikini. Hata jemu umeninyima."

"Jemu ipo."

"Iko wapi? Naona siagi tupu."

Rakul alichungulia. Kweli, siagi tupu, nyeupe. Akakumbuka alivyoipaka mwenyewe jemu ya mashina ya rababu, nyekundu, mpaka ikamwagika mezani.

"Onja kwanza, mlalamishi wewe."

Hanus akauma, akatafuna. "Aa. Ipo. Macho yanazeeka kabla ya meno, shemeji."

Rakul akacheka kidogo, akamwacha hapo, akashika njia peke yake.

Mawe meupe yalimpokea moja moja kutoka kwenye ukungu. Ndege walimpita sikioni bila sauti ya mbawa, weusi, wepesi kama popo. Mmoja alimgusa shavu. Alikwenda polepole, akitafuta jiwe, akilipata, akitafuta lingine. Alijua mahali pa hatari. Ukiona mekundu, simama. Hakuna aliyekuwa ameyagusa tangu siku ile.

Ndipo alipoiona taa.

Ilikuwa mbele yake, nyekundu, imefifia kwa ukungu. Alidhani Hanus amempita kwa njia ya mkato.

"Hanus! Goti limeokoka?"

Taa ilikwenda mbele kidogo, ikasimama. Rakul akapiga hatua, nayo ikaenda. Akasimama, nayo ikasimama. Sasa aliona kwamba haikuwa kichwani mwa mtu. Ilikuwa chini, usawa wa paja, na ilikuwa ikififia na kukolea kama vile kuna kiganja kinachoifunika na kuifunua.

Watu wote wa Skarvoy huvaa taa kwenye paji la uso. Mmoja tu ndiye aliyeishika chini, pajani, akiifunika kwa kiganja, kwa sababu alisema hata nyekundu isizidi.

Miguu ya Rakul ilitaka kurudi, lakini mdomo ulisema, "Tummas?"

Taa ikaenda.

Akaifuata. Jiwe jeupe, jiwe jeupe, jiwe jeupe. Nyasi zikawa laini zaidi chini ya viatu. Milio ya ndege ilipungua nyuma yake, na alichokisikia sasa kilikuwa kitu kingine, pumzi nzito inayovuta na kusukuma, na ilimchukua muda kujua kwamba ni bahari. "Ningojee," alisema. "Nilikuwa na hasira tu. Ningojee nikuambie." Taa ilisimama. Safari hii Rakul aliposogea, nayo haikusogea. Alisogea tena. Ilikuwa karibu, ingekuwa mikononi mwake kwa hatua chache.

Akanyanyua mguu, na kabla hajauweka aliona kitu kilichoufanya mguu ubaki hewani.

Alikuwa akiitazama taa ile kwa kuinamisha kichwa. Taa ilikuwa chini ya miguu yake.

Aliuweka mguu nyuma, si mbele. Mkono ukapanda wenyewe kwenye paji la uso, na kwa mara ya kwanza tangu aolewe alivunja sheria ya mumewe. Akawasha nyeupe.

Rangi ilirudi duniani kwa mpigo mmoja. Nyasi kijani, glavu zake buluu. Na jiwe lililokuwa kando ya kiatu chake, lile alilokuwa akiliamini kama jiwe la njia, lilikuwa jekundu. La nyuma yake jekundu. La nyuma ya hilo pia. Alikuwa ameyapita matatu. Mbele yake nyasi ziliinama kidogo, kwa adabu, halafu hapakuwa na kitu chochote ila ukungu mweupe na ile pumzi.

Alijilaza kifudifudi. Ndege mmoja aliyepumbazwa na mwanga alimgonga begani akaanguka mbele ya uso wake, mdogo kama ngumi ya mtoto, moyo unamdunda nje nje. Rakul alizima taa haraka, akamfunika kwa viganja. Kule chini hapakuwa tena na taa.

Alilala hivyo mpaka pumzi yake ilipotulia, na katika kulala huko jambo lilimjia kwa njia ya kipuuzi kabisa, kwa njia ya mkate. Jemu ilikuwapo na haikuonekana. Chini ya taa nyekundu, kitu chekundu na kitu cheupe ni ndugu mapacha.

Tummas aliyapaka mawe mchana, kwenye jua. Usiku akapanda na tochi yake, mtu mwenye kushika sheria yake, ukungu umeziba. Alikuwa akiyatafuta mawe mekundu ili ageuke. Hakuyaona. Kila jiwe lilikuwa jeupe. Akajiambia bado hajafika, akaendelea mbele kwa njia ambayo miguu yake iliijua miaka yote.

Hakwenda kwa maana ile ya watu. Alikuwa akitafuta mahali pa kugeukia.

Rakul aliirudia njia kwa magoti, akipapasa kila jiwe kwa mkono, ndege yumo kifuani mwa koti. Alipolifikia zizi alimwachia kwenye ufa wa ukuta. Hanus alikuwa amesimama, mkate haujamalizika.

"Nimeona mwanga mweupe! Nimeita mpaka koo limepasuka. Umeumia?"

"Sijaumia."

"Na mwenzako yuko wapi?"

"Mwenzangu yupi?"

Hanus alimtazama, akatazama ukungu. "Shemeji, usinitanie usiku huu. Niliona taa mbili. Ya mbele niliidhani yako. Ya nyuma ndiyo niliyojiuliza ya nani, mpaka ikageuka nyeupe."

Rakul alimshika mkono akamwinua. "Twende nyumbani," alisema. "Njiani nitakueleza habari za jemu."

Mashua ya asubuhi iliondoka na mizigo yake, yeye hakuipanda. Jioni alikwenda dukani kabla halijafungwa.

"Elspa, chukua tochi yako nyekundu. Nataka unisaidie kitu."

"Mimi? Saa hizi? Rakul, miguu yangu—"

"Miguu yako ilipanda vizuri mwaka jana kutazama."

Elspa alipanda, na nyuma yake walipanda wengine saba au wanane, maana kisiwa ni kidogo na mtu haitwi peke yake. Hanus alikuwa amekwishafunga kamba kutoka jiwe la mlimani, imeziba njia ya zamani kwa usawa wa kifua. Giza lilikuwa limekamilika. Rakul alimweka Elspa mbele ya kamba.

"Wewe ndiye mjuzi wetu wa mawe," alisema, bila kupandisha sauti. "Nionyeshe mekundu."

Elspa alicheka kidogo. Akamulika kushoto, akamulika kulia. Taa ilipita jiwe hadi jiwe, ikarudi, ikapita tena taratibu. Kicheko kilikuwa kimekwisha. Mtu mmoja nyuma aliwasha yake kusaidia, na mwingine, na mwingine, na mawe yote, ya njia na ya genge, yaliwaangalia kwa weupe uleule.

"Yote meupe," Elspa alisema. "Rakul, haya... nani kayabadilisha?"

"Hakuna aliyeyagusa. Kama ni meupe, basi pita. Tummas alipita."

Elspa hakunyanyua mguu. Aliishika kamba kwa mikono miwili, na mabega yake yakaanza kutikisika. Mzee mmoja alivua kofia. Halafu wote wakavua, wakasimama hivyo, na ndani ya mawe ndege walisokota sufu yao bila kujali. Wakati wa kuteremka Rakul alimsikia mtu akisema kwa mwenzake, kwa sauti ya chini, "Mwaka jana, Tummas alipoanguka..." Alisema alipoanguka.

Mawe ya genge Hanus aliyapaka lami ya mashua, nyeusi tii, rangi ambayo nyekundu haiwezi kuidanganya. Na Rakul alinunua kopo jipya kwa Elspa, akapanda juu ya paa na kuimalizia ile nusu mwenyewe. Alipaka mpaka jioni. Alipomaliza hakuteremka mara moja. Alisimama kwenye ngazi, ameelekea genge, brashi mkononi.

"Tummas!" aliita, kwa sauti ya mke anayeita watu chakula. "Paa limekwisha. Na lile neno la kutorudi nimelifuta."

Rakul akageukia paa kufunga kopo. Hanus, aliyekuwa ameishika ngazi chini, aligeuka kutazama kule mlimani, ambako giza lilikuwa likianza. Huko kitu chekundu kilififia na kukolea, kikija chini. Kisha akageuza uso haraka na kuishika ngazi kwa mikono miwili.

"Shemeji," alisema, "teremka sasa. Teremka tu, wala usitazame nyuma."