Leseni Iko Kwenye Simu

...na mie nimempa simu yenyewe, nzima, imefunguka, kama mtu anayemkabidhi mgeni funguo za nyumba ili akaone sebule tu, kumbe ningeishika mwenyewe nikamwonyesha hapahapa dirishani, lakini trafiki kaniambia, "Lete niione vizuri, dada, jua kali," mkono ukaenda wenyewe, na sasa anazunguka nayo mbele ya gari, anatazama leseni, anatazama namba za gari, na humo ndani nimo mimi mzima, sauti ya marehemu mama akiniaga, ugomvi wa Jumapili na mume wangu Isack, picha nilizojipiga kwenye kioo cha chumbani nikilitazama tumbo ambalo halijawahi kubeba kitu... miaka yote hii ya ndoa, mawifi wamechoka hata kusema... ee Mungu, na majibu ya kipimo cha mimba! Nesi wa Mikocheni alisema atayatuma kabla ya saa sita, nikamwambia usipige, andika, nisome peke yangu, maana nilitaka kulia peke yangu, nimeshazoea, Isack asijue hata kama nilipima... ting. Imelia. Mkononi mwake. Ameinamisha macho, usisome, afande, tafadhali, hiyo si leseni, lakini macho hayana pazia, ameshasoma, ananitazama kupitia kioo cha mbele, na hasira inanipanda, mwanaume nisiyemjua hata jina anajua kilichomo tumboni mwangu, au kisichomo, kabla yangu, kabla ya mume wangu, huyo anakuja, simu hanirudishii, kaigeuza kifudifudi, kaifunika kwa kiganja, anainama dirishani, haya, toa pole yako uniache niende... "Huo mkanda wa kiti, ule wa chini," anasema taratibu, "ushushe kidogo. Usikae juu ya tumbo. Upitishe chini yake, kwenye nyonga." Nini? Anasubiri. Bodaboda zinapita kuelekea Boko, nyuma yangu mtu anapiga honi, simu bado iko kiganjani mwake na mie siidai, hasira sijui imekwenda wapi, naogopa hata kupumua kwa nguvu, naushika mkanda niliokuwa naufunga kila siku bila kuufikiria, naushusha polepole, polepole, Bwana wangu na Mungu wangu, nampisha mtu.